Mlio wa pipa la taka: kwa nini mashabiki wa besiboli Marekani waliizomea Houston Astros miaka na miaka

Kila tunaposoma matokeo ya besiboli ya Marekani katika kipindi cha michezo na jina la Houston Astros likatajwa, simu ya studio hupokea ujumbe wa aina moja: mbona timu hii inazomewa kila inakokwenda, na yale mapipa ya taka yanayoonekana kwenye video ni ya nini? Hewani huwa tunajibu kwa sentensi mbili, kisha tunakimbilia matokeo ya soka. Jibu hilo limekuwa likitukera sisi wenyewe, maana linaacha nje sehemu kubwa ya habari. Tumeona tuliandike hapa kwa kirefu, ulisome kwa nafasi yako.

Besiboli haijaenea sana kwetu Afrika Mashariki. Majirani zetu Uganda wamepiga hatua, na mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika kila mwaka Marekani. Lakini wengi wetu hatujawahi kuona mechi nzima. Kwa hiyo kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, kidogo tu, kwa sababu bila hapo hasira za mashabiki zitaonekana kama kelele za bure.

Ishara za vidole

Katika besiboli kuna mtu anayerusha mpira, tumwite mrushaji, na kuna mtu mwenye gongo anayejaribu kuupiga, tumwite mpigaji. Umbali kati yao ni kama mita 18. Mpira wa kasi unaweza kufika kilomita 150 kwa saa au zaidi, kwa hiyo mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kuzungusha gongo. Na si kila mpira ni wa kasi. Mrushaji anaweza kutupa mpira wa polepole unaofanana na wa kasi, au mpira unaojikunja na kushuka ghafla karibu na mpigaji. Kazi yote ya mrushaji ni kumfanya mpigaji akisie vibaya.

Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mchezaji mwingine mwenye glovu kubwa, mdakaji. Yeye na mrushaji ni timu moja. Lazima wakubaliane kabla ni mpira gani unakuja, la sivyo hata mdakaji mwenyewe ataukosa. Kwa miaka mingi walikubaliana kwa vidole: mdakaji anaficha mkono katikati ya mapaja, anaonyesha kidole kimoja, viwili au vitatu, na mrushaji anatikisa kichwa kukubali au kukataa.

Fikiria golikipa ambaye kabla ya kila penalti ananong'onezwa mpira utakwenda upande gani. Hatadaka zote, maana nyingine zitampita kwa nguvu, lakini hiyo si penalti tena. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mpigaji anayejua ni mpira gani unakuja.

Hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hulichanganya. Kuiba ishara kwa macho si kosa katika besiboli. Mchezaji wa timu pinzani akifanikiwa kukimbia mpaka kituo cha pili, anasimama mahali ambapo anaweza kuviona vidole vya mdakaji, na akimtonya mwenzake, hiyo inahesabiwa kuwa ni ujanja wa mchezo. Ndiyo maana timu hubadilisha ishara zao mara kwa mara. Kinachokatazwa ni kutumia kamera, simu, saa au mtambo wowote wa umeme kufanya kazi hiyo wakati mechi inaendelea. Septemba 2017 Kamishna wa ligi, Rob Manfred, aliitoza faini Boston Red Sox kwa kutumia saa ya kidijitali, na akaziandikia timu zote kuzionya kwamba kuanzia hapo viongozi wa timu watabebeshwa lawama.

Walichofanya Houston

Wakati onyo hilo linatoka, Astros walikuwa tayari kazini. Miezi miwili hivi baada ya msimu wa 2017 kuanza, walifunga televisheni ukutani kwenye ujia ulio nyuma tu ya benchi lao katika uwanja wao wa nyumbani. Televisheni hiyo ilipokea picha moja kwa moja kutoka kamera iliyokuwa ng'ambo ya uwanja, ikitazamana na mdakaji. Mchezaji mmoja au zaidi alisimama pale, anasoma vidole, kisha anampa habari mpigaji aliye uwanjani.

Walijaribu kupiga makofi, kupiga miluzi na kupaza sauti. Mwishowe wakachagua pipa la taka lililokuwa karibu. Pipa likigongwa kwa gongo, mpira unaokuja ni wa kujikunja au wa polepole. Pipa likinyamaza, ni wa kasi. Hivyo tu. Mamilioni ya dola yanatumika kwenye mchezo huu kwa kompyuta na wataalamu wa takwimu, na hila iliyoutikisa ilikuwa ya pipa ambalo ungelikuta nyuma ya mgahawa wowote.

Kocha mkuu, A.J. Hinch, hakuipenda. Ripoti ya uchunguzi inasema mara mbili aliiharibu ile televisheni. Lakini hakuwaamuru wachezaji waache, na televisheni ikarudishwa. Tarehe 21 Septemba 2017 mrushaji wa Chicago White Sox, Danny Farquhar, aliusikia mlio ule akiwa katikati ya uwanja. Akamwita mdakaji wake, wakabadilisha ishara, na mlio ukakoma. Wachezaji wa Astros waliingiwa na hofu, wakaing'oa televisheni ukutani haraka na kuificha ofisini. Mechi za mtoano zilipofika, wakaweka nyingine mezani.

Mwaka huo Astros walishinda World Series, yaani fainali ya ligi nzima, kwa kuwafunga Los Angeles Dodgers mechi 4 kwa 3. Lilikuwa taji lao la kwanza tangu klabu ianzishwe mwaka 1962.

Siri ilikaa miaka miwili. Novemba 2019 mrushaji Mike Fiers, aliyekuwa Astros mwaka ule na baadaye akahamia Oakland, aliwaeleza waandishi wa The Athletic waziwazi, kwa jina lake, jinsi hila ilivyofanyika.

Mashabiki walisikia kwa masikio yao

Sisi watu wa redio tunaiona sehemu hii kuwa ya pekee. Udanganyifu mwingi wa michezo hauonekani wala hausikiki. Ni dawa ndani ya damu, au ni fedha iliyopita chini ya meza, na shabiki anabaki kuambiwa tu. Huu ulikuwa umerekodiwa. Mechi nyingi za 2017 zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, na maikrofoni za uwanjani zilikuwa zimenasa mlio.

Siku ile ile habari ilipotoka, shabiki mmoja wa New York Yankees aliitafuta ile mechi ya Farquhar, akakata vipande vyake na kuviweka mtandaoni. Mpira wa polepole: ngo, ngo. Mpira wa kasi: kimya. Mpira wa polepole: ngo, ngo. Watu walivisambaza kwenye simu, na ndani ya saa chache mtu asiyejua lolote kuhusu besiboli aliweza kuelewa kosa lilikuwa nini.

Lakini kazi kubwa zaidi ilifanywa na shabiki wa Astros wenyewe, fundi wa tovuti, mtu aliyeipenda timu hiyo kwa miaka. Aliketi akatazama mechi 58 za nyumbani za 2017, mpira kwa mpira, zaidi ya mipira 8,200, akiandika kila pipa lilipogongwa. Alihesabu mara 1,143. Akaziweka hesabu zote hadharani Januari 2020, pamoja na jina la mpigaji aliyekuwa uwanjani kila mara.

Tumemfikiria sana mtu huyo. Hakuna aliyemlipa kuifanya kazi hiyo. Alikuwa na sababu zote za kuziba masikio, kama wengi tunavyofanya timu yetu ikipewa penalti ya uongo. Kila alipoweka alama, alikuwa anaharibu kumbukumbu yake mwenyewe ya msimu bora kuliko yote aliyowahi kuuona. Na hesabu zake, kama tutakavyoona, zilikuja kumtetea mtu ambaye hakuna aliyetaka kumtetea.

Adhabu iliyowachoma zaidi

Tarehe 13 Januari 2020 Manfred alitoa hukumu. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow walifungiwa mwaka mmoja, na mmiliki wa timu, Jim Crane, akawafukuza wote wawili siku hiyo hiyo. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 5, ambayo ndiyo iliyokuwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na ikanyang'anywa nafasi zake za kwanza na za pili za kuchagua wachezaji chipukizi kwa mwaka 2020 na 2021. Ndani ya siku tatu Alex Cora, aliyekuwa msaidizi wa Hinch mwaka 2017, aliachana na Red Sox, na Carlos Beltrán, aliyekuwa mchezaji, akajiuzulu ukocha wa New York Mets kabla hajaongoza hata mechi moja.

Wachezaji wengine wote hawakuguswa. Ligi iliwaahidi kinga ili waseme ukweli. Taji halikuondolewa. Kila mchezaji aliyepata mgawo kamili wa ushindi wa 2017 alikuwa ameondoka na zaidi ya dola 438,000, na zilibaki zake.

Kwa mashabiki wa timu nyingine, hapo ndipo moto ulipowaka. Ripoti yenyewe ilisema kwamba hila hii iliendeshwa na wachezaji. Sasa wachezaji wanatoka bure? Wenye kumbukumbu za historia walikumbusha mwaka 1919, wachezaji wanane wa Chicago White Sox walipotuhumiwa kuuza fainali kwa wacheza kamari. Mahakama iliwaachia, lakini kamishna wa wakati huo, Jaji Kenesaw Mountain Landis, akawafungia maisha. Tunadhani mfano huo haufanani sana, maana kuuza mechi ili ufungwe ni jambo jingine. Hata hivyo unaonyesha mashabiki walitarajia nini.

Kisha viongozi wakaongeza chumvi kwenye kidonda. Februari 2020 Astros waliitisha mkutano na waandishi kambini kwao West Palm Beach, Florida, ili kuomba radhi. Crane alisema hila ile haikuathiri mchezo. Dakika moja hivi baadaye, alipoulizwa tena, akakana kwamba alisema hivyo, wakati kila mtu alikuwa amemsikia. Siku tatu baadaye Manfred, akieleza kwa nini hakulichukua kombe, aliliita kipande cha chuma. Kombe hilo lina jina la cheo chake mwenyewe, Kombe la Kamishna. Aliomba radhi, lakini kauli ilikuwa imeshatoka. Kama mwenye kombe halithamini, shabiki aliyekesha akilililia aelewe nini?

Mashabiki wachukua adhabu mikononi mwao

Njia zao zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa za kuchekesha. Katika mechi za maandalizi za Februari 2020 watu walikuja na mabango, wakagonga vyombo vya chuma kila mpigaji wa Astros alipotokea. Walinzi waliwanyang'anya baadhi yao mabango hayo, jambo lililowakasirisha zaidi: udanganyifu haukuzuiwa, lakini karatasi inayousema inazuiwa. Huko Los Angeles baraza la jiji lilipiga kura kuitaka ligi iwape Dodgers taji. Ligi haikufanya hivyo. Baadhi ya ligi za watoto katika majimbo ya California na Pennsylvania, ambako timu za mtaani hupewa majina ya klabu kubwa, ziliamua kwamba msimu huo hakutakuwa na timu ya watoto inayoitwa Astros. Sisi hilo ndilo lililotugusa kuliko mabango yote. Wazazi hawakutaka mtoto wa miaka minane avae jina lile kifuani.

Wengine walivuka mipaka. Mchezaji Josh Reddick alisema alitumiwa ujumbe wa vitisho, mwingine ukiwatakia watoto wake mabaya. Fiers, aliyetoa siri, naye alitishiwa. Watoto wa Reddick hawakugonga pipa lolote, na hatuoni namna yoyote ya kulitetea jambo hilo.

Halafu ikaja korona. Msimu wa 2020 ulianza Julai viwanja vikiwa vitupu, na Astros, waliokuwa wakisubiri mwaka wa kuzomewa, walicheza kimya kimya. Mashabiki wengi walihisi wameibiwa mara ya pili. Ndiyo maana tarehe 28 Julai, mrushaji wa Dodgers Joe Kelly alipotupa mpira nyuma ya kichwa cha Alex Bregman, kisha akamkunjia uso Carlos Correa kama mtoto anayelia, akawa shujaa wa Los Angeles usiku mmoja. Alifungiwa mechi 8, zikapunguzwa hadi 5. Mashabiki hawakukosa kuona hesabu: mrushaji aliyekasirika amefungiwa, wachezaji walioiba hawakufungiwa hata mechi moja. Septemba Astros walipokwenda Dodger Stadium, watu walikusanyika nje ya geti na mapipa yao, wakilisubiri basi.

Deni lililipwa 2021. Oakland, Anaheim, New York, kote walizomewa tangu majina yanasomwa. Mapipa ya plastiki yanayojazwa upepo yalirushwa uwanjani. Anaheim likarushwa hata pipa halisi. Agosti walirudi Los Angeles, safari hii mbele ya watu zaidi ya 52,000.

Watu wa Los Angeles walikuwa na uchungu wao wa pekee. Katika mechi ya tano ya fainali ya 2017, iliyochezwa Houston, mrushaji wao mkubwa Clayton Kershaw alikuwa anaongoza 4-0, akasawazishiwa. Akapewa tena uongozi wa 7-4, nao ukapotea. Dodgers walifungwa 13-12. Baada ya hapo, kwa miaka miwili, mashabiki wake mwenyewe walimwita mtu anayetetemeka mechi kubwa zikifika. Hakuna anayeweza kuthibitisha ni mpira upi ulijulikana usiku ule. Lakini ripoti ilisema hila iliendelea katika mechi za mtoano, na walioshiriki kumtukana Kershaw walijikuta hawajui wamwombe radhi vipi.

Na yupo mwingine ambaye mashabiki wa kawaida walimkumbuka kwa jina, ingawa hakuwa nyota. Mike Bolsinger alirushia Toronto Blue Jays mpira mjini Houston tarehe 4 Agosti 2017. Alipigwa vibaya, alama nne kabla hajawatoa hata wapigaji wawili. Akashushwa ligi ya chini na hakurudi tena ligi kuu ya Marekani. Alishtaki mwaka 2020, kesi haikufika mbali. Ni hiki ambacho Fiers alisema kilimsukuma kuongea: vijana wanaoingia Houston bila kujua lolote, wanapigwa, wanapoteza kazi.

Mtu aliyezomewa kuliko wote

José Altuve, Mvenezuela mwenye kimo cha mita 1.68, mfupi kuliko karibu kila anayecheza naye, ndiye aliyekuwa uso wa Astros. Mwaka 2017 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yao, akimshinda Aaron Judge wa Yankees. Siri ilipofichuka Judge aliufuta ujumbe wake wa zamani wa kumpongeza Altuve. Video ya 2019 iliyomwonyesha Altuve akiishika jezi yake ili wenzake wasimvue baada ya kupiga mpira wa ushindi ikazua madai kwamba alikuwa amevaa kifaa kinachotetemeka mwilini. Ligi ilisema haikupata ushahidi wa kifaa chochote, lakini kwenye viwanja vingi hilo halikusaidia. Akitokea yeye, mzomeo unapanda kuliko kwa yeyote.

Sasa rudi kwenye hesabu za yule shabiki fundi wa tovuti. Katika mara 1,143 pipa lilipogongwa, Altuve alikuwa na gongo mkononi mara 24 tu. Baadhi ya wenzake wa kudumu kikosini walikuwa na zaidi ya mara mia. Correa alisema hadharani kwamba Altuve hakutaka mlio ule, na pipa likigongwa wakati wake alikasirika. Inawezekana kabisa kwamba aliyezomewa zaidi Marekani nzima ndiye aliyeitumia hila ile kidogo kuliko wote.

Je, hana hatia? Sisi hatusemi hivyo. Alijua, alinyamaza, alivaa pete. Yeye mwenyewe hakuwahi kujitetea kwa kuwatupia wenzake. Lakini umati hauna daftari la hesabu. Unamzomea unayemfahamu, na wengi waliofaidika kweli walikuwa wameshahamia timu nyingine, wakicheza bila bughudha kubwa. Hilo hutokea adhabu inapoachwa kwa wenye viti: inakuwa ndefu kuliko ambayo kamishna yeyote angeitoa, na inampata mtu asiye sahihi.

Na mashabiki wa Houston je?

Agosti 2017 kimbunga Harvey kiliipiga Texas. Mvua ilinyesha siku kadhaa, sehemu za Houston zikapata maji ya zaidi ya mita moja, nyumba nyingi zikazama, watu wakafa. Timu iliporudi nyumbani Septemba ilivaa nembo ya kulitia moyo jiji kwenye jezi. Novemba ikaleta kombe. Kwa mtu aliyekuwa bado anakausha godoro lake juani, lile halikuwa kombe la kawaida, na mamia ya maelfu walijaa barabarani kulipokea.

Mwambie mtu huyo, miaka miwili baadaye, kwamba furaha ile ilikuwa ya wizi. Wengine waliona aibu na kusema hivyo. Wengine walijenga ukuta, na hoja zao si za kutupwa zote. Walisema: msimu ule wa kawaida Astros walishinda mechi 53 ugenini na 48 nyumbani, na pipa lilikuwa nyumbani, sasa hila ilisaidia nini? Wapinzani wakajibu kwa mechi za mtoano: nyumbani walishinda 8 na kufungwa 1, ugenini walishinda 3 na kufungwa 6. Chagua takwimu unayoitaka.

Walisema pia kwamba kila mtu alikuwa anafanya. Hapo walipata nguvu Aprili 2022, barua ya siri ya Manfred ilipotoka na kuonyesha Yankees walitozwa faini ya dola 100,000 kwa kutumia chumba cha video na simu kupitisha ishara mwaka 2015 na 2016. Red Sox nao waliadhibiwa tena kwa mambo ya 2018. Kwa maoni yetu hayo hayalingani na televisheni na pipa kila mechi ya nyumbani, lakini shabiki wa Yankees aliyebeba pipa la upepo alipaswa kusita kidogo.

Fiers kwao alikuwa msaliti: alichukua pete kwanza, ndipo akasema. Hinch, aliyefukuzwa, alipata mapokezi tofauti. Aprili 2021 alirudi Houston akiwa kocha wa Detroit Tigers, na watu wakamshangilia.

Kesi mahakamani

Mashabiki wengine walitaka kurudishiwa fedha. Huko New York, watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kubashiri mtandaoni wa kampuni ya DraftKings, ambao hutegemea takwimu za wachezaji, walishtaki kwamba takwimu walizozilipia zilikuwa za uongo. Kwa ndugu zetu wanaobeti kila wikiendi hoja hiyo itaeleweka upesi. Aprili 2020 Jaji Jed Rakoff aliitupa kesi. Alikubali kwamba timu zilivunja kanuni na kuvunja mioyo ya mashabiki wa kweli, ila sheria haikuwapa walalamikaji haki ya kudai. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2022.

Mwaka huo huo, 2022, ligi iliruhusu kifaa kipya. Mdakaji anabonyeza vitufe, mrushaji anasikia sauti ndani ya kofia yake, na vidole vya katikati ya mapaja havina kazi tena kwa timu zinazokitumia.

Na mwaka huo Astros walitwaa taji lingine, wakiwafunga Philadelphia Phillies mechi 4 kwa 2. Kocha alikuwa Dusty Baker, mzee wa miaka 73 aliyeletwa mwaka 2020 kusafisha jina la klabu, na ambaye hakuwa amewahi kushinda World Series akiwa kocha. Hata watu walioichukia timu walimfurahia yeye. Katika kikosi hicho walibaki wachezaji watano tu wa 2017, Altuve akiwa mmoja wao. Msimu uliofuata ugenini bado alizomewa, na taji la 2017 bado limo kwenye kumbukumbu za ligi bila alama yoyote pembeni yake.